Kituo Kikuu Hakina Shimo

Wasomaji mliopiga simu gazetini wiki nzima kuuliza kama Mkaguzi amevunjika shingo, tulieni. Tulimwacha anaruka uzio wa mabati wa Kituo Kikuu, mguu mmoja ukining'inia hewani, na chini yake, kwa mujibu wa ripoti ya serikali, shimo la kina cha mita kumi na nane.

Aliachia mikono. Akatua. Safari haikuwa ndefu.

Alitua kwenye mchicha.

Shimo halikuwepo. Haikuwepo hata dalili kwamba kuna mtu aliwahi kufikiria kuchimba shimo. Palikuwa na matuta manne ya mchicha yaliyopaliliwa vizuri, kamba ya kuanikia nguo, na kiti cha plastiki. Kwenye kiti alikaa mlinzi mwenye sare safi, akimenya chungwa.

"Geti liko upande ule," mlinzi alisema.

Mkaguzi alijipangusa magoti. Kwa mgeni wa ukurasa huu, mama huyu ni mkaguzi wa gharama katika kitengo kilichowekwa na serikali kuchunga fedha za reli ya mji. Reli hiyo inajengwa kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Vituo sita vimekwisha, vimepakwa rangi, na vimeanza kuchakaa kabla ya kupata abiria. Treni zimenunuliwa, zimefunikwa maturubai. Lakini sheria inasema reli haibebi mtu mpaka vituo vyote saba vikamilike, na cha saba, Kituo Kikuu, kimekaa kwenye asilimia sitini na nne miaka minne mfululizo. Leo saa tisa alasiri kamati ya fedha inakutana kutoa pesa za kukimalizia. Kabla ya hapo Mkaguzi anatakiwa asaini kwamba amekiona kwa macho yake.

"Unalinda nini hapa?" alimuuliza mlinzi.

"Kituo."

"Kiko wapi?"

Mlinzi alitema mbegu ya chungwa. "Hilo waulize ofisini. Mimi nilikabidhiwa uzio."

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa tisa. Halijaibiwa hata bati moja."

Alisema hivyo kwa fahari, na alikuwa na haki. Uzio ulikuwa umenyooka kama uliojengwa jana.

"Na wakaguzi wenzangu? Hawajawahi kuja?"

"Wanakuja sana." Mlinzi aliinuka, akaleta daftari kubwa la wageni lililofungwa kwa mpira. "Wewe ni wa thelathini na mbili. Wote watu waungwana. Wanafika getini, wanasaini, wanauliza kama kuna usalama, nawaambia upo, wanaondoka."

"Hakuna hata mmoja aliyeomba kuingia?"

"Wewe ndiye wa kwanza. Na hukuomba."

Mkaguzi alifunua kurasa. Saini zilikuwa zimejipanga kwa tarehe, nyingine za watu waliomfundisha kazi. Kwenye safu ya "Sababu ya ziara" wote waliandika neno moja: ukaguzi. Bosi wake aliyestaafu alikuwa ameandika "ukaguzi wa kina".

"Kwa nini hukumwambia mtu yeyote kwamba hapa hakuna kitu?"

"Nimwambie nani? Kila aliyekuja alikuwa anajua kuliko mimi. Na daftari halina sehemu ya maoni."

Mkaguzi alipiga picha mchicha, kamba ya nguo na kiti. Mlinzi aliomba apigwe na yeye, akavaa kofia. Walipoagana alimshika mkono.

"Dada, kama kweli mnakuja kujenga, nipeni wiki mbili. Hili tuta la mwisho bado changa."

* * *

Saa nne na nusu Mkaguzi alikuwa masjala, chumba cha chini ambako faili za serikali hupelekwa zikichoka. Aliomba faili la kwanza kabisa la mradi. Alitaka kujua ni nani aliyewahi kusema kwamba Kituo Kikuu kipo.

Karani wa masjala alipotelea kati ya rafu, akarudi na faili lenye vumbi na malalamiko. "Tunafunga saa sita," alisema. "Saa sita kamili, siyo na dakika."

Barua ya msingi ilikuwa juu kabisa. Karatasi moja, imepigwa taipu, saini ya Katibu Mkuu wa wizara wa enzi hizo, ambaye sasa ni marehemu. Kila kitu kilichojengwa, kilichonunuliwa na kilichofunikwa maturubai kilitokana na karatasi ile. Sentensi yake ya kwanza ilisomeka hivi:

"Reli ya mji itakuwa na vituo sita, navyo ni Sokoni, Hospitali, Chuoni, Mahakamani, Kiwandani, Uwanja wa Ndege, Kituo Kikuu"

Mkaguzi alihesabu kwa kidole. Barua ilisema sita. Orodha ilikuwa na saba. Mtu mwingine naye alikuwa amehesabu, kwa sababu neno "sita" lilikatwa kwa wino mwekundu, juu yake ikaandikwa "saba", na pembeni pakagongwa muhuri: Imesahihishwa, Kitengo cha Ukaguzi.

Ofisi yake mwenyewe. Katika miaka kumi na tisa ya kuchunga mradi ule, hilo ndilo kosa pekee ambalo kitengo chake kiliwahi kulikamata.

"Umesoma mpaka chini?"

Hakuhitaji kugeuka. Ilikuwa sauti ya Mkurugenzi wa mradi, anayeitwa Asilimia na kila mtu, yeye asiposikia. Ni mrefu, suti yake haikunjiki, na hajibu kitu chochote bila asilimia. Ukimuuliza amelalaje atakwambia asilimia tisini.

"Nani kakwambia niko hapa?" Mkaguzi aliuliza.

"Mlinzi hupiga simu kila anapopata mgeni. Ni mtu mwaminifu, asilimia mia. Soma chini."

Alisoma chini. Chini ya saini palikuwa na herufi ndogo mbili za mpiga chapa, kama zilivyo kwenye kila barua ya serikali, ili kosa likitokea ijulikane ni vidole vya nani. Mkaguzi alizijua herufi zile kabla hajajua kusoma. Zilikuwa chini ya kila karatasi iliyowahi kuletwa nyumbani kwao.

Zilikuwa za mama yake.

Alijiegemeza kwenye rafu.

"Mimi si mtu wa vitisho," Mkurugenzi alisema, na akavuta kiti, akakaa karibu. "Tuongee kama watu wa ofisi. Barua inasema kituo kipo. Ukisema hakipo, maana yake barua ina kosa. Barua ikiwa na kosa, kosa lina mwenyewe. Kanuni ya hasara unaijua?"

Aliijua. Mtumishi aliyesababisha hasara kwa uzembe husimamishiwa pensheni siku hiyo hiyo na kufunguliwa kesi, awe kazini au amestaafu.

"Mama yako ana umri gani sasa?"

"Sabini na moja."

"Kizimbani hawatoi viti," Mkurugenzi alisema kwa upole. "Saini sitini na nne. Kamati itoe pesa, sisi tumalizie kituo, kila mtu azeeke kwake."

"Mtamalizia nini? Hakuna kitu pale. Kuna mchicha."

"Basi kazi iliyobaki ni nyepesi."

Akainuka, akakunjua suti isiyokunjika, akaondoka. Karani wa masjala alichungulia kati ya rafu. "Mmebakiza saa moja na dakika kumi," alisema.

* * *

Mama alimfungulia mlango akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Alikuwa anasoma gazeti. Tangu astaafu husoma magazeti kwa kalamu, akazungushia makosa, na kila Ijumaa humtumia mhariri orodha. Hata gazeti hili halisalimiki. Wiki iliyopita alipata makosa manne kwenye ukurasa huu huu, na mhariri amekiri mawili.

Ukutani, mahali ambapo wengine huweka picha ya harusi, ametundika cheti cha wizara: miaka thelathini na moja bila kosa la chapa. Marehemu mumewe ana picha pia, ila ni ndogo zaidi.

"Umekonda," mama alisema. "Au ni suruali?"

"Mama, kaa kwanza."

"Nikikaa nitajua kuna msiba. Sema nikiwa nimesimama."

Mkaguzi alitoa nakala ya barua, akaiweka mezani. Njia nzima alikuwa anapanga maneno na sasa halikuwepo hata moja. Alitaka kusema kwamba si kosa la mama, kwamba mama aliandika alichoambiwa, kwamba Katibu Mkuu ndiye aliyebuni kituo cha saba. Alitaka sana iwe hivyo.

Mama hakusoma maneno. Mpiga chapa hasomi maneno, huangalia karatasi. Kalamu nyekundu ilishuka yenyewe mpaka mwisho wa sentensi ya kwanza, ikasimama.

"Sentensi hii haina nukta," alisema.

"Mama, shida siyo nukta. Shida ni Kituo Kikuu. Hakipo. Nimekwenda leo, nimetua kwenye mchicha."

"Nyamaza kidogo, mwanangu."

Alikaa. Mkaguzi alipoona mama amekaa bila kuambiwa mara ya pili, naye akavuta kiti.

Mama aliisoma sentensi kwa sauti, polepole, akipumzika kwenye kila mkato. Sokoni. Hospitali. Chuoni. Mahakamani. Kiwandani. Uwanja wa Ndege. Alipofika mwisho alivua miwani.

"Ilikuwa siku yangu ya kwanza kwa yule mzee," alisema. "Kabla ya wizara alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na barua alizisoma imla kama yuko darasani. Anatembea dirishani mpaka mlangoni, mikono nyuma, na huwezi kumsimamisha. Kwenye mkato anapumzika tu, hasemi. Lakini kila sentensi ikiisha anasema."

"Anasema nini?"

"Jina la nukta. Lile la shuleni la zamani, ninyi mmefundishwa nukta tu." Mama alimeza mate. "Anasema, kituo kikuu."

Mkaguzi aliitazama barua. Vituo sita. Sokoni, Hospitali, Chuoni, Mahakamani, Kiwandani, Uwanja wa Ndege. Kisha nukta.

"Nilidhani ni kituo cha mwisho," mama alisema. "Nikakiandika kwa herufi kubwa, kwa heshima. Sentensi ya pili ikaisha, akasema tena kituo kikuu, na mimi nikamtazama. Akachora nukta hewani kwa kidole. Basi nikaelewa, nikaendelea. Ila sikurudi kusoma ya kwanza. Alikuwa anatembea."

Hapo nje mtu alipita anauza sabuni, wakamsubiri apite.

"Wamechimba shimo kubwa?" mama aliuliza.

"Hawajachimba. Wamelipwa tu."

"Kwa ajili ya nukta yangu."

"Mama."

"Wamelipwa ngazi za umeme za kushuka kwenye nukta."

"Na saa ya mnara," Mkaguzi alisema, kwa sababu alikuwa ameisoma kwenye ripoti.

Mkono wa mama ulianza kutetemeka. Mkaguzi hakuwahi kuuona ukitetemeka, hata siku ya mazishi ya baba. Maisha yake yote alimwogopa mama huyu kwa sababu ya tahajia, na sasa alimwonea huruma. Aliushika ule mkono.

"Nitasaini," alisema. "Sitini na nne. Hakuna atakayejua."

"Utasaini kwamba umeona nini?"

"Kituo."

"Yaani kosa langu uliongezee na lako." Mama aliuvuta mkono. "Mimi lilinitoka kwa kutosikia. Wewe litakutoka ukiwa unaangalia."

"Watakukatia pensheni. Watakupeleka mahakamani. Utasimama kizimbani na magoti hayo?"

"Magoti ni yangu. Nani kakwambia habari za kizimba?"

"Mkurugenzi. Yeye ndiye aliyenionyesha herufi zako."

"Mkurugenzi yupi? Yule mrefu anayetaja asilimia?"

"Unamjua?"

"Alikuwa afisa mdogo. Alikuwa anakaa kwenye benchi nje ya mlango wa mzee, akisubiri faili zisainiwe. Siku nzima anasikiliza. Alimwiga mzee kwa kila kitu, mpaka kikohozi."

Mama alivaa miwani tena, akaiangalia barua kwa muda, kisha akaenda chumbani. Alirudi amevaa viatu vya ofisini, vile vyeusi ambavyo hakuwa amevigusa tangu siku ya kuagwa kazini.

"Kamati ni saa ngapi?" aliuliza.

"Mama, huendi."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Basi tuondoke. Sijawahi kuchelewa, na leo si siku ya kuanza."

* * *

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, wajumbe sita, chupa za maji kumi na mbili, karani wa kuzigawa, na ukuta mmoja mweupe ambako kompyuta ya katibu muhtasi humulika kila kinachoandikwa, ili wajumbe wasiseme baadaye kwamba hawakuona. Katibu muhtasi mwenyewe alikuwa likizo ya uzazi. Kiti chake kilikuwa kitupu na kompyuta inawaka.

Mwenyekiti alikuwa mwanamama wa makamo, mwenye sauti ndogo iliyowalazimu watu kunyamaza. Alimpa Mkurugenzi nafasi ya kwanza.

"Kituo Kikuu," Mkurugenzi alisema, "asilimia sitini na nne. Tukipata fedha leo, asilimia mia kabla ya mwaka kwisha. Mkaguzi amefika pale asubuhi. Atathibitisha."

Macho yote yalimgeukia Mkaguzi. Nyuma yake, kwenye kiti cha ukutani, mama alikaa wima, mkoba magotini.

Mkaguzi alikuwa na fomu mbele yake. Palibaki mahali pa saini tu. Aliiangalia fomu, akamwaza mama kizimbani, akawaza yale maneno, ukiwa unaangalia. Aliifunika kalamu.

"Kituo Kikuu hakijajengwa," alisema. "Hakijaanza kujengwa. Hakikutakiwa kujengwa. Ni nukta."

Mjumbe mmoja alikuwa anakunywa maji, akaacha.

"Rudia," mwenyekiti alisema.

Alirudia. Aligawa picha za mchicha, akasoma barua, akaeleza habari za imla, mkato na sentensi isiyo na nukta. Alieleza kwa dakika tano. Alipomaliza, wajumbe walikuwa wanazitazama picha, na mmoja aliuliza huyu mwenye kofia ni nani.

Mkurugenzi alicheka kidogo, kwa adabu. "Mheshimiwa mwenyekiti, nimesoma mpaka chuo kikuu. Nimefanya kazi serikalini miaka ishirini na mbili. Sijawahi, hata siku moja, kusikia mtu anaiita nukta kituo kikuu. Nukta ni nukta. Mimi nilikuta barua, nikajenga kama barua ilivyosema."

"Hukujenga," Mkaguzi alisema.

"Nilikuwa najenga. Kama barua ilikosewa, mimi ningejuaje? Muulizeni aliyeiandika."

"Yuko hai?" mwenyekiti aliuliza.

Mama alisimama.

"Nipo, mama mwenyekiti. Niliyeiandika ni mimi, na aliyeeleza habari hizo ni mwanangu wa kumzaa. Kwa hiyo msimsikilize yeye, nisikilizeni mimi. Nilisikia vibaya. Mzee alisema nukta, mimi nikaandika kituo. Nina cheti cha miaka thelathini na moja bila kosa. Nimekuja kukirudisha."

Alikitoa kwenye mkoba, pamoja na fremu yake, akakilaza mezani. Mkaguzi aliinamisha uso. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa sababu kuyafuta kungeonekana zaidi.

Mkurugenzi alikuwa wa kwanza kusema. Sauti yake ilikuwa na nafuu kubwa, kama ya mtu aliyevua kiatu kinachobana.

"Basi jambo limekwisha. Hasara imepata mwenyewe. Naomba mama aandike maelezo yake sasa hivi, asaini, kamati iyapokee. Mengine ni ya mahakama."

Mwenyekiti alimtazama mama. "Unaelewa maana yake? Pensheni yako inasimama leo."

"Naelewa."

"Unaweza kuandika maelezo hayo?"

"Kuandika naweza," mama alisema. "Kutunga siwezi. Kazi yangu maisha yote ni kuandika ninachoambiwa. Kiti kile hakina mtu. Nitakaa pale, na mheshimiwa Mkurugenzi anisomee imla, kwa kuwa yeye ndiye anayejua nitakiri nini."

"Mama, usifanye hivyo," Mkaguzi alinong'ona. Mama alimpita bila kumtazama.

Alikaa kwenye kompyuta. Alisogeza kiti, akapima umbali wa mikono, akaweka vidole mahali pake. Mkono haukutetemeka. Ukurasa mweupe ulijitokeza ukutani, mkubwa kama mlango.

"Niko tayari," alisema. "Soma kama unavyosoma barua zako, usinionee huruma. Mimi nitakwenda na wewe."

Mkurugenzi aliinuka. Alikohoa, akaweka mikono nyuma, akaanza kutembea, dirishani mpaka mlangoni. Vidole vya mama vilimfuata bila kuchelewa, na maneno yakaanza kutembea ukutani pamoja naye.

"Mimi," Mkurugenzi alisoma, "mpiga chapa mstaafu wa wizara, nakiri bila kulazimishwa na mtu yeyote kwamba kosa lililo katika barua ya msingi ya reli ya mji ni langu peke yangu kituo kikuu."

Ukutani ikatokea, kwa herufi kubwa kama sahani:

"... ya reli ya mji ni langu peke yangu Kituo Kikuu"

Mkurugenzi alikuwa amekwishafika dirishani. Aligeuka, akaona ukuta, na akachukia kama anavyochukia mtu aliyezoea katibu wake mwenyewe.

"Sivyo, mama, hilo huliandiki," alisema. "Hapo unaweka nukta tu." Na akaichora hewani kwa kidole.

Kidole kilibaki hewani.

Wajumbe sita waliangalia ukuta, wakaangalia kidole, wakarudi ukutani.

Mama hakugeuka. Vidole vyake vilikuwa bado mahali pake, na sauti yake ilikuwa ile ile ya ofisini, ya kumuuliza bosi kama barua iende leo au kesho.

"Nimekusikia kama nilivyomsikia mzee, mheshimiwa," alisema. "Naomba unielekeze, nisikosee mara ya pili. Niweke nukta, au nijenge?"

Mkurugenzi alitafuta kiti chake kwa mkono.

"Usikae," mwenyekiti alisema kwa ile sauti ndogo. "Imla haijaisha. Karani, funga mlango, ufunguo uulete hapa. Mkurugenzi, sentensi ya pili ianze na siku uliyojua kwamba ile ni nukta. Ya tatu iwe na majina ya waliojua pamoja nawe."

Mkurugenzi aliitazama meza ndefu, upande mmoja, kisha upande wa pili. Wajumbe wawili walikuwa wameanza kukusanya karatasi zao.

Mama alifungua ukurasa mpya.